Mpini kwa Mkono Ambao Sijauona

Kasulu, Jumamosi jioni

Mwanangu Nyandwi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na mimi hali yako naijua. U mzima, una hasira, na tangu Jumatano hujanisemesha. Nikiingia jikoni unatoka. Nikikohoa uani unahamia upande wa pili wa nyumba. Jana ulimwambia mama yako, nami nimekaa pale pale, "Mwulize kama atakula sasa au baadaye." Mwulize! Utadhani mimi ni mgeni kutoka wilayani. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Sasa hivi mmetoka, wewe na mama yako, mmekwenda kuaga kwa majirani. Nimefunga mlango wa kibanda changu, nimeweka karatasi juu ya ubao ninaopigia ribiti, zile pini za kubana mipini ya visu, naandika. Nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo, sauti inanikatika. Hujawahi kuniona nikilia na sitaki uanze wiki hii. Mama yako atakupa barua hii kesho alfajiri pamoja na uji. Uisome yote kabla hujatoka kwenda kwenye lori, hata kama bado umenuna.

Sitakuambia habari za kusali, kuoga na kutii wakubwa. Mama yako ameshakuambia hayo kutwa kucha, na yaliyombakia naona amekufungia kwenye khanga. Mimi nina kisu tu cha kuzungumzia, na hilo neno nililolisema Jumatano.

Tuanze na neno. Tangu baba yako mdogo, ndugu wa baba aliyekuzaa, alipokaa kwenye kigoda chetu, akasema amekutafuta miaka yote hii katika makambi ya wakimbizi, na sasa anataka akuchukue mwende kwenye makazi yao huko ng'ambo ya Tabora, na mimi nikamjibu, "Ndiyo, ni mtoto wenu, mchukue," kabla hata chai haijapoa, wewe unaamini kwamba nilikuwa nasubiri tu atokee wa kukuondoa. Mama yako aliniambia ulivyosema. Ulisema, "Baba hakuvuta hata pumzi." Ni kweli, sikuvuta. Ndiyo maana naandika, nisije nikakuacha uende na imani hiyo. Ukienda na hasira nitavumilia. Ukienda ukidhani sikukutaka, sijui nitaishije.

Nilikukuta Munanila, mwaka ule watu wa kwenu walipokuwa wanavuka mpaka wakikimbia vita. Nilikwenda kupeleka majembe kwa mteja wangu, nikakuta uwanja wake umejaa watu waliolala chini. Wewe ulikuwa umesimama peke yako karibu na zizi, meno ya mbele yameng'oka, umeshika kikapu kitupu kwa mikono yote miwili. Nikakuuliza jina. Ukasema, "Nyandwi." Kwenu na kwetu jina hilo ni moja, hupewa mtoto wa saba. Mwanangu, niligeuka kuangalia nyuma yako, kama mjinga, nikitafuta hao sita wengine. Hapakuwa na mtu. Nikakubeba hadi Kasulu, na njia nzima hukukiachia kile kikapu.

Mama yako hakuuliza swali hata moja. Alikuosha, akakulisha, akaniambia nikatengeneze kitanda. Tangu siku hiyo nimekuwa baba yako, na kazi hiyo niliiona nyepesi kuliko uhunzi. Nilikuwa nikijua, tangu Munanila nilijua, kwamba ipo siku mtu wenu anaweza kufika. Kila mgeni mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka akisimama mlangoni nilikuwa natazama uso wake kwanza kabla ya kumwitikia salamu. Miaka ikapita, ukaanza shule, ukamaliza darasa la saba, nami nikaacha kutazama. Hapo ndipo akaja.

Sasa nikueleze kisu, maana kimefungwa hapo ndani ya kitambaa na utakuwa unashangaa kwa nini kiko vile kilivyo.

Kila mteja anayeagiza kisu cha kukunja namfinyisha nta. Wewe ndiye uliyekuwa unailainisha juani na kuwapelekea, na ulikuwa unawacheka walivyokuwa wanakunja sura wakifinya kama wanakamua ng'ombe mbishi. Nta ikishika alama ya vidole, mimi nachonga mpini kwa kuifuata. Alhamisi nilikuletea donge la nta, nikaliweka mbele yako bila kusema. Ukalisukuma kwa kiwiko ukaondoka. Nikaliokota, nikalifuta vumbi, nikarudi kibandani kutengeneza kisu cha mtu aliyeninyima mkono wake.

Najua ulichokuwa unakitaka. Tangu ile safari ya Kasanda ulikuwa unataka pembe. Tulikwenda kununua nta kwa wale warina asali, wewe bado mdogo, na yule mzee akatupa kipande cha pembe ya ng'ombe kilichokwisha kukatwa. Ukakiinua juani, mwanga ukapita, ukapiga kelele, "Baba, ndani kuna asali!" Watu wote wakacheka. Kipande hicho ninacho. Nimekitunza juu ya dari ya kibanda, nikisema siku utakapoolewa nitakutengenezea kisu ambacho mawifi zako watakionea wivu. Ijumaa asubuhi nilikishusha, nikakikata vipande viwili vya ubavuni, nikavisugua. Vilikuwa vizuri, Nyandwi. Vilikuwa vizuri kiasi kwamba nilivishika muda mrefu nikijidanganya.

Maana pembe naijua. Hapa kwetu kuna ukungu, kuna mvua, hewa haikauki sana, na pembe inakaa ilivyopangwa. Ipeleke kwenye jua kali la huko uendako, itaanza kujikunja taratibu, itainua kichwa kwenye ribiti, na siku moja utafungua kisu ubavu mmoja ubaki mkononi. Nikafikiria basi mti wa mbuni, ule wa kahawa wa shamba la zamani, mgumu na mweupe. Nao nikaukataa. Unamkumbuka mwalimu wako wa hesabu aliyehamishiwa Dodoma? Nilimtengenezea kisu cha mbuni, nikajisifu mbele yake kwamba kitamzika. Alipokuja likizo alikitoa mfukoni, kikawa kinalia kachakacha. Mti ulikuwa umesinyaa kwa ukame, ribiti zinacheza. Alikuwa mtu mpole, hakunilaumu, alisema tu, "Fundi, kule kwetu siyo Kasulu." Mimi nilikuwa nimetengeneza kisu cha mtu anayeondoka kana kwamba anabaki.

Kwa hiyo nimekuwekea mninga. Najua utaona nimekupa mti wa vitanda na makabati. Uone tu. Mninga haubadiliki sana, uwe kwenye mvua au kwenye jua, na huko msituni ng'ambo ya Tabora umejaa, utaukuta. Ile pembe nimeirudisha darini. Nilitaka sana kukupa kitu cha kukufanya unikumbuke kila ukikitoa mbele ya watu, halafu nikaona nitakuwa nimejitengenezea mimi.

Kuhusu kung'arisha, tafadhali usicheke. Hapana, cheka, nimekosa kicheko chako nyumba nzima. Sijapaka mawese. Kisa cha mzee Seifu nilikusimulia mara nyingi mpaka ukawa unakimalizia wewe. Nilikuwa bado kijana, ndiyo kwanza nimeanza kutengeneza visu vya kukunja, na kwa kuwa kwetu mawese tunapaka kila kitu, ngozi, nywele, bawaba, nikaona na mpini upate. Nikauchovya, nikaukausha, ukawa mwekundu unavutia. Mzee Seifu wa dukani akakinunua kwa furaha. Baada ya muda akaja na kisu kimetafunwa upande mzima, amekishika kwa ncha za vidole, na kile Kiswahili chake cha pwani: "Ewe fundi, mimi nilikuagiza kisu, wewe umenipikia kitoweo? Panya wangu wamenenepa!" Soko zima lilipata habari. Na wewe, mtoto mtundu, kila ukiniona nimeinama napaka mafuta ulikuwa unapita mlangoni na kusema, "Baba, usisahau chumvi."

Wiki hii nimeinama napaka, nikasubiri uniambie. Ukapita na ndoo, hukusema kitu. Nikajua sasa mambo yameharibika kweli.

Basi nimetumia nta peke yake, kidogo, baada ya kusugua kwa majani ya msasa mpaka yakaisha makali. Vanishi ninayo, ile niliyopewa na fundi seremala, nimeiacha. Vanishi huufanya mpini ung'ae siku ya kwanza, halafu mkono wako unakuwa unashika vanishi, mti hauufikii. Kwa sasa utakiona kimefifia kidogo, kama hakijamalizwa. Kipe mwaka mmoja wa kushikwa.

Sasa ukubwa wake. Ukikifunua kwenye kitambaa utaona mpini ni mkubwa kuliko mkono wako, na utasema baba amekosea kipimo kwa sababu ya ile nta. Nisikilize.

Ijumaa nilichonga mpini wa kwanza kwa kukumbuka. Mkono wako naujua, nimeushika njia ya sokoni tangu ukiwa hunifiki kiunoni. Nikachonga bila nta na ukatoka sawasawa, ningeapa. Nikampelekea mama yako jikoni. Mama yako naye hakuwa ananisemesha sana. Siku ile ya Jumatano baba yako mdogo alipotoka nje kunawa, mama yako aliniambia maneno haya na sitayasahau: "Umemtoa mtoto kama unamtolea mtu kigoda." Basi Ijumaa akakishika kile kisu, akakigeuza, akanirudishia. "Kizuri," akasema. "Ni cha mwaka huu. Mwakani, mkono ukiwa umekua, atakifanyia nini?" Akaendelea kumenya ndizi.

Nikarudi nikakaa. Nikajaribu kuuona mkono wako ukiwa mtu mzima, nikashindwa. Ningekuwa nimekuzaa mimi ningetazama wa kwangu, au wa mama yako, nikakisia. Wangu huu mfupi, mnene, umejaa makovu ya moto, haukuhusu. Mlango ulikuwa wazi, na baba yako mdogo amekaa uani anakula maharage. Nikatazama anavyomega ugali. Vidole virefu, na kile cha mwisho kimepinda kwa ndani, vile vile kama chako, kile ambacho mama yako alikuwa anakichua kila jioni ulipokuwa mdogo akidhani kilivunjika njiani.

Hakikuvunjika, Nyandwi. Ndivyo mlivyo.

Nikamwita ndani. Tuliongea kama tunavyoongea siku zote hizi, yeye Kirundi, mimi Kiha, na tunaelewana. Nikampa donge la nta.

"Nifanyeje?" akauliza.

"Finya. Kama umeshika kisu."

"Changu?"

"Cha mtoto. Akikua."

Akanitazama kidogo, akaelewa. Akafinya taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeshika yai. Alipofungua mkono akakaa akiiangalia ile nta na hakunirudishia haraka. Akasema, "Huu ni mkono wa kaka yangu. Yeye alikuwa akipiga nyuzi za inanga jioni, na hiki kidole kilichopinda kilikuwa kikimkera, anakilaani mbele ya watoto, watoto wanacheka." Nikamwuliza, "Na Nyandwi alikuwa akicheka?" Akasema, "Huyo ndiye aliyekuwa anaanza."

Nimekuandikia hilo kwa sababu sijui kama amekuambia, na ni lako. Baba yako alipiga inanga, na wewe ndiye uliyekuwa unaanza kucheka. Mimi nilidhani kicheko chako kilianzia nyumbani kwangu. Miaka yote hii nilijivunia, nikisema kwa watu, mtoto huyu alifika hacheki, nimemfundisha mimi.

Nikachonga upya kwa nta ile, nikapunguza kidogo kwa kuwa wewe ni mwanamke. Usimruhusu mtu akipunguze tena. Siku utakayokishika kikakujaa kiganjani bila kubana wala kupwaya, ujue umekuwa mtu mzima, na ujue kwamba kuna mtu Kasulu alikaa Ijumaa nzima akijaribu kuiona siku hiyo.

Sasa nirudi kwenye lile neno, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kwa nini nilisema ndiyo haraka hivyo? Nimejiuliza. Kwanza ni uso wake. Alipokuona unaingia na kuni alisimama, akasema jina la mama yako aliyekuzaa kabla ya kusema lako. Akaniambia, "Tulikuwa nyumba iliyojaa. Tumebaki mimi na huyu." Mtu akikuambia hivyo utamjibu nini? Pili, nilitaka anione muungwana. Ni aibu kuandika, lakini ndivyo. Nilitaka akaseme huko kwao kwamba mtoto wao alilelewa na mtu asiyeng'ang'ania cha watu.

Na la tatu ndilo lililonisukuma zaidi. Niliogopa wewe uulizwe. Niliona ukisimamishwa pale katikati, na kuni zako kichwani, uambiwe uchague kati ya mimi niliye hai na wale waliokwisha kufa. Nikaona ukisema nabaki utalala kila siku ukiona umewakataa, na ukisema naenda utatuona sisi tukilia na utabeba hilo. Nikasema bora nilibebe mimi. Nikafunga mlango haraka ili hasira yote inijie mimi. Hilo nililiona la busara kabisa, mpaka nilipokuona unatua zile kuni chini moja moja, bila sauti, ukatoka. Hukulia. Ungelia ningejua la kufanya.

Nimekuwa fundi wa kupima mikono ya watu maisha yangu yote. Mtu wa sokoni nisiyemjua hata jina, simkatii mti kabla hajashika nta. Na wewe nikakukatia safari nzima bila kukuuliza kitu. Nimekosa, mwanangu. Hukupaswa kuamuliwa kama mzigo wa mtu.

Nikuambie na jingine. Juzi nilikuwa nyuma ya ukuta nachukua makaa, nikakusikia ukimwuliza baba yako mdogo, "Mama alikuwa akiimba nini akinilaza?" Akaanza kukuimbia, kwa sauti mbaya sana, masikini, hawezi. Na wewe ukaingia katikati ya wimbo, ukaumalizia. Maneno yote unayo. Miaka yote umelala nyumbani kwangu maneno hayo yakiwa ndani yako, nami sikuwahi kuyasikia. Nikarudi kibandani nikavuta mivukuto mpaka moto ukawa mweupe, na chuma sikuwa nimeweka. Niliumia, Nyandwi. Sitakuficha. Niliumia kwa sababu nilisikia unavyofurahi, na nikaona kwamba yapo mambo ambayo sitaweza kukupa hata nikikufungia ndani.

Kwa hiyo jibu nadhani ninalijua. Lakini kudhani ndiko kulikotufikisha hapa, na safari hii nakuuliza.

Unataka kwenda?

Usinijibu kwa kunionea huruma. Mama yako atapona, na mimi nina kazi nyingi. Usimjibu baba yako mdogo pia kwa kumwonea huruma, nimeongea naye leo mchana, nimemwambia nitakuuliza, akasema, "Ni haki yake." Ni mtu mzuri. Ukibaki atakuja kukuona, ameahidi mbele ya mama yako. Ukienda, kitanda chako hakipewi mtu, na nauli ya kurudi kusalimia mama yako ameishonea ndani ya pindo la ile khanga ya maua, usiifue kabla hujaitoa.

Lori litakuwa pale sokoni asubuhi. Nitatangulia na mzigo wako, mtanikuta nimesimama nao chini, sijaupakia. Ukifika huna haja ya kuzungumza mbele ya watu. Ukitikisa kichwa tu, nauinua begani turudi nyumbani, na yeyote atakayeuliza ataongea na mimi. Usipotikisa, nitaupandisha mwenyewe, na nitaukaza kamba vizuri, ile barabara ya kushuka Kigoma kupanda treni ina mashimo.

Una baba wawili. Mimi ni yule wa Kasulu.